K ya Baba Mkubwa

Umeme ulipokatika kwa mara ya tatu wiki ile, ubao wa Nukta ulisahau tena jina la duka la baba yake.

Ulikuwa ubao wa taa, mrefu kama mlango uliolazwa, umepigiliwa juu ya kizingiti cha kinyozi, ukitazama baraza alikonyolea baba yake na barabara mbele yake. Ulijaa vitaa vyekundu vidogo kama punje za mtama, kumi na sita kwenda juu na mia mbili kasoro vinane kwenda pembeni. Ukiwa na akili zake timamu uliandika KINYOZI MAKINI, halafu NYWELE NA NDEVU, herufi zikipita polepole ili hata mwenye miwani apate nafasi ya kuivaa. Lakini umeme ukikatika ukarudi, akili zote ziliruka. Vitaa viliwaka ovyo, huku vitatu, kule saba, kama mende waliopuliziwa dawa, na wateja kwenye benchi wakajipa kazi ya kusoma.

"Leo naona umeandika mwandiko wa daktari," alisema Fundi Redio, jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu wa nywele chache na maneno mengi. "Hapo pembeni panasema vidonge viwili asubuhi."

"Subiri kidogo tu, mzee," Nukta alijibu, akiwa tayari amepiga magoti nyuma ya kiti cha baba yake.

"Nasubiri. Mimi si ubao. Mimi nakumbuka nilichofuata hapa."

Nukta alikuwa na miaka ishirini na miwili, mfupi, mwenye vidole vyembamba na kiburi kidogo alichokuwa anakificha vibaya. Jina hilo alipewa na mama yake siku aliyozaliwa, kwa udogo, na tangu hapo hakujisumbua sana kukua. Kompyuta iliyoendesha ubao aliijenga mwenyewe, waya kwa waya, juu ya sinia la plastiki lenye maua ambalo mama yake alikuwa akiliulizia mpaka leo. Haikuwa na skrini wala kibodi. Ilikuwa na swichi nane mbele, na kila namba aliyotaka kuiingiza ilibidi aipange kwa swichi hizo, juu au chini, kisha abonyeze kitufe. Programu nzima ilikuwa namba mia sita na kumi na mbili. Baba yake aliweza kunyoa vichwa vitano, kimoja cha mtoto anayelia, kabla Nukta hajafika mwisho.

Kosa halikuwa la sinia, lilikuwa la kumbukumbu. Chipu aliyoitumia ilishika mambo wakati inalishwa umeme tu. Ukiikatia, inakusahau, kama wale ndugu wanaokujua mpaka sahani iondolewe.

Na hapo ndipo Baba Mkubwa alipopata pa kusimama.

Baba Mkubwa, kaka yake Kinyozi, alikuwa mchoraji wa mabango. Nusu ya mtaa ule ilisomeka kwa mkono wake: duka la dawa, stoo ya saruji, ukuta wa shule, hata lile onyo la kutokojoa nyuma ya soko, ambalo alilichora kwa herufi nzuri kiasi kwamba watu walisimama kulisoma mpaka wakasahau kilichowapeleka. Kila kazi aliitia sahihi chini, kona ya kulia, kwa brashi nyembamba kama kope. Kwa miaka kumi na minane ubao wa mbao aliouchora yeye ulikaa juu ya mlango wa mdogo wake. Miezi mitatu iliyopita Kinyozi aliushusha kwa mikono yake, akauegemeza stoo nyuma ya ndoo, akaupandisha wa mwanawe. Baba Mkubwa hakununa. Angenuna ingekuwa nafuu. Alicheka, na tangu siku hiyo kila umeme ukikatika lazima apite.

Basi siku hiyo, Jumanne, akapita. Akasimama mlangoni na ndoo yake ya rangi, akainua uso, akaangalia mende wekundu wakicheza.

"Mdogo wangu," akamwambia Kinyozi, "ubao wangu miaka kumi na minane. Jua, mvua, na wewe mwenyewe ukiufuta kwa kitambaa cha ndevu. Ulishawahi kusahau unaitwa nani?"

"Haujawahi, kaka."

"Hata giza likiingia?"

"Giza likiingia hausomeki, kaka."

"Hausomeki. Lakini unajua."

Benchi lote likacheka. Kinyozi naye akacheka, ila Nukta, ambaye alikuwa amefika namba ya arobaini na tatu, aliyajua macheko yote ya baba yake, na hilo lilikuwa lile la kulipia adabu. Huyu ni mtu ambaye mpita njia akimuuliza kituo cha polisi kiko wapi humjibu, "Nyoosha, kata kulia, na ubao huo juu yako katengeneza binti yangu."

"Tusibishane mpaka tuzeeke," Baba Mkubwa akaendelea. "Jumamosi nakuja na ngazi. Ukisahau tena mbele yangu siku hiyo, wangu unarudi juu. Huu mtoto atautafutia kazi nyingine. Hata ya kuangazia kuku."

Kinyozi alizima mashine ya kunyolea, akaipuliza nywele ambazo hazikuwepo. "Haya," akasema. "Jumamosi."

Nukta aliinamia swichi zake. Ubao ukishuka, usingeshuka peke yake. Ungeshuka na maneno yote ambayo baba yake alikuwa ameyatamka chini yake kwa miezi mitatu, na baba ndiye angebaki kuyaokota mbele ya benchi.

Fundi Redio alikuwa na mdomo mchafu na moyo msafi. Jioni ile alivuka barabara akiwa amebeba printa ya risiti iliyokufa, ile ya dukani, akaiweka mezani kwa Nukta kama mtu anayeleta paka wa jirani.

"Imeungua injini. Nilikuwa naitupa. Ndani kuna kidude cha kijani, sijui kama kinakufaa."

Nukta aliifungua. Ndani, kando ya gia, kulikuwa na kibao kidogo cha kijani, kifupi kuliko kitana, chenye chipu moja nyeusi na safu ya meno ya dhahabu. Alikigeuza kwenye mwanga. Akakigeuza tena. Kisha akakaa chini.

"Hii ni flashi," akasema.

"Kama ile ya kuwekea nyimbo?"

"Ukoo mmoja. Ile imevaa koti, hii iko uchi. Humu ndimo printa ilimoweka maumbo ya herufi zake. Mzee, kitu hiki kinakumbuka bila umeme. Miaka."

"Basi uwekee ubao kabla ubao haujasahau na jina lako," Fundi Redio akasema, akarudi kwake.

Jumatano nzima Nukta alilehemu. Sasa, ni vizuri msomaji ajue jambo moja juu ya binti huyu: alikuwa hawezi kuvumilia nyaya zilizopishana. Nyaya zake zilikwenda sambamba, rangi kwa rangi, zimefungwa kwa uzi kila baada ya upana wa vidole viwili, na kwenye kona zilipinda pamoja kama askari wa gwaride. Mafundi wa mtaani walikuja kuziangalia tu. Kwa hiyo alipoona kwamba nyaya mbili za anwani, zile zinazoiambia chipu namba ikae wapi, ule wa kwanza na ule wa pili, zingelazimika kupishana ili kufika kwenye meno yao, alifanya alichokuwa amezoea kufanya na ile kumbukumbu ya kawaida: alizibadilisha. Wa kwanza akaupeleka nafasi ya wa pili, wa pili nafasi ya wa kwanza, zikanyooka, akafurahi. Kwenye kumbukumbu ya kawaida hilo halina madhara. Ni sawa na kubadilisha vibandiko vya makabati mawili nyumbani kwako. Maadamu unaweka na kutoa wewe mwenyewe, sukari utaikuta.

Akaiwasha. Akapanga namba za kuandika. Flashi haikuandikika.

Akajaribu kuifuta kwanza. Haikufutika. Kila alipoisoma alikuta namba zilezile za mwenye nyumba wa zamani, zimekaa kwa raha zao, hazina habari kwamba nyumba imeshahamishwa. Alihakiki umeme, sawa. Alihakiki kila sehemu aliyolehemu kwa lenzi, zinang'aa kama meno ya mtoto. Alirudia programu ya kuandika tangu mwanzo, namba kwa namba. Jumatano ikaisha hivyo. Alhamisi ikafika mchana hivyohivyo, na umeme, kwa kumkomoa, ukakatika tena, ukarudi, na mende wakatoka nje.

Baba Mkubwa hakuonekana. Lakini mtu akasema amemwona ananunua msasa na kopo jipya la rangi nyekundu.

Mama yake Nukta alikuwa msusi, na chumba chake kilikuwa nyuma ya kile cha kinyozi, kimetengwa kwa pazia. Mchana ule hakuwa na kichwa cha kusuka, akaja kusimama nyuma ya binti yake, nyuzi nyeusi zimemning'inia mabegani.

"Sinia langu linaendeleaje?"

"Limegoma, mama."

"Na hicho unachokitazama ni nini?"

Ili kupumzisha kichwa, Nukta alikuwa ameacha kuandika, akazitoa zile namba za zamani za printa na kuzionyesha kwenye ubao mdogo wa majaribio, kila namba mstari mmoja wa vitaa uliosimama. Alitarajia kuona herufi za risiti. Aliona herufi kweli, ila kama zilizopitiwa na baiskeli.

"Ni herufi za printa," akasema. "Nadhani zimeharibika."

Mama alisogeza uso, akakunja jicho moja kama anavyofanya akikagua mistari ya kichwa. "Hazijaharibika. Hii ni H. Zimesukwa vibaya tu. Hesabu: mstari wa kwanza uko kwake. Wa pili umekaa kwa wa tatu, wa tatu kwa wa pili. Wa nne uko kwake. Halafu hapa tena, kwanza sawa, pili na tatu wamebadilishana, nne sawa. Mpaka mwisho hivyohivyo. Aliyesuka hii alikuwa anazungumza na simu."

 Nukta aliangalia ubao mdogo, kisha akaangalia nyaya zake nzuri, zile mbili za mwanzo zilizonyooka kama rula.

"Mama," akasema polepole, "ni mimi. Nilizibadilisha makusudi, zipendeze. Nilijua haina neno."

"Na ina neno?"

"Kwenye ile nyingine haina, kwa sababu naweka mwenyewe na kutoa mwenyewe. Lakini hii ina mlinzi. Kabla haijakubali kuandikwa lazima uibishie hodi kwenye mlango fulani, neno fulani, halafu mlango wa pili, neno la pili, halafu ndiyo useme shida yako. Hiyo milango aliipanga aliyeitengeneza, siyo mimi."

"Na wewe siku mbili..."

"Siku mbili nabisha hodi kwa jirani."

Mama yake hakucheka mara moja. Alisubiri mpaka Nukta alipoanza, ndipo akaungana naye, na Kinyozi akachungulia kuuliza kuna nini, wakashindwa kumwambia.

Akafumua nyaya mbili, akazipishanisha inavyotakiwa. Katikati ya gwaride lile safi sasa kulikuwa na mkasi mmoja, waya juu ya waya, unaonekana kutoka mlangoni.

"Umeharibu mistari," mama alisema.

"Nimeiharibu. Tuone kama inasikia."

Akabisha hodi upya. Alipoisoma, mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameondoka na kila kitu chake, kilichobaki ni moja, moja, moja, tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama ukuta uliopakwa chokaa leo. Nukta akaweka kiganja juu ya sinia, akakiacha hapo kidogo.

Programu aliiandika jioni ile ile, namba mia sita na kumi na mbili, na alipoikatia umeme na kuurudisha, ilikuwepo. Angeweza kuishia hapo. Zile herufi zake za siku zote zilikuwa vijiti tu, nyembamba, za haraka, kwa sababu kitu unachokiandika upya kila siku hukiandiki kwa mapambo. Lakini sasa alikuwa anaandika mara moja, na ndani ya flashi kulikuwa na nafasi ya kumwaga. Akaondoka kwenye meza, akaenda stoo, akasogeza ndoo.

Ubao wa Baba Mkubwa ulikuwa umeingia vumbi, lakini alipoufuta kwa mkono nyekundu ilitoka ileile. Alikuwa amesoma kwa ubao huo. Kabla ya shule, kabla ya daftari, baba yake alimbeba mabegani na kumwonyesha kwa kidole: hii ni K. Na K ya Baba Mkubwa haikuwa K ya kila mtu. Mguu wake wa chini ulitoka nje kidogo na kunyanyua ncha, kama mtu anayetaka kucheza lakini ana heshima.

Alichukua fremu ya kioo cha mama yake kilichovunjika zamani, akaifunga uzi wa kusukia, kumi na sita huku, kumi na sita huku, ikawa wavu. Akaiweka juu ya K. Kila mraba wenye rangi, kitaa kinawaka. Kila usio na rangi, giza. Kisha I, kisha N. Herufi za maneno yote, kila iliyojirudia ikiandikwa mara moja tu, zilikuwa kumi na nne, kila moja namba thelathini na mbili, na kila namba swichi nane. Ijumaa yote alikuwa hivyo, kutoka stoo kwenda kwenye sinia na kurudi, na hakumwambia mtu alichokuwa anafanya huko.

Alasiri ya Ijumaa baba yake alimfuata, akasimama mlangoni mwa stoo akipangusa kitana ambacho kilikuwa kisafi.

"Nimekuona unauangalia ubao wa zamani."

"Ndiyo, baba."

"Nao si mbaya, mwanangu. Nataka ujue. Kesho ikiwa vile, hakuna aliyekufa. Mimi nitasema ni mimi niliyechoka na umeme."

Hapo Nukta aligundua kitu: baba yake alikuwa ameshapanga uongo wa kumkinga, na kwa jinsi alivyoutamka laini, alikuwa ameufanyia mazoezi.

"Usiseme kitu, baba," akajibu. "Kesho wewe nyoa tu."

Jumamosi umeme ulitulia kama mtoto mbele ya mgeni. Wiki nzima ulikuwa ukiruka ruka, siku yenyewe uliwaka bila hata kupepesa. Ubao mkubwa Nukta aliuacha umezimwa, akisema unapumzishwa. Benchi lilijaa, na wengine walisimama, na si wote walikuwa na nywele za kunyoa. Baba Mkubwa alifika saa nne na ngazi begani, shati lake la kazi limefuliwa. Alikwenda stoo mwenyewe, akautoa ubao wake, akauegemeza ukutani chini ya ule wa taa. Akauangalia ulivyofutwa vumbi. 

"Karibu, shemeji," mama alimwambia. "Chai?"

"Nitakunywa, shemeji. Nina dhana kwamba nitasubiri." Akamgeukia Nukta. "Haya, binti. Umeme leo una adabu. Utakatika saa ngapi?"

"Ukiutaka sasa hivi, Baba Mkubwa, swichi kuu ile pale nyuma ya mlango."

Benchi likaguna. Fundi Redio alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, upande wa kushoto wa kichwa umekwisha, wa kulia bado. "Ngojeni kwanza," akasema, "mimi ni abiria wa huo umeme."

"Utasubiri," Baba Mkubwa akasema. "Wewe si unakumbuka ulichofuata."

Nukta akauwasha ubao. Herufi zilianza kupita, lakini Baba Mkubwa alikuwa ameshageuka kwenda kwenye swichi, hakuona kitu. Akaishusha. Feni ikazubaa, redio ikanyamaza, mashine ya kunyolea ikafa mkononi mwa Kinyozi, na ubao ukawa mweusi.

"Usiirudishe haraka," akasema Fundi Redio, ambaye utaalamu ulimshinda ubinafsi. "Hizi chipu huwa zinabaki na umeme kidogo tumboni. Acha zipoe."

"Nusu kichwa na bado unatoa ushauri," mtu akasema.

Baba Mkubwa akaketi, akapewa chai, akainywa. Hakuinywa kwa haraka. Alipuliza, akaonja, akaongeza sukari, akakoroga. Kinyozi alisimama na mashine iliyokufa, akiangalia kisogo cha Fundi Redio kana kwamba kuna maandishi.  

Kikombe kikatua. Baba Mkubwa akaenda, akainua swichi.

Feni ikaanza. Redio ikadakia katikati ya neno. Ubao ukabaki mweusi, na Nukta peke yake ndiye aliyejua kwamba hilo ni la kawaida, kwamba kompyuta inaamka, inaisoma flashi, inanakili. Alijua, na bado alihesabu. Moja. Mbili.

K ikajitokeza. Halafu I, halafu N. KINYOZI MAKINI, nyekundu, nene, herufi zimejaa kama mkate ulioumuka, ikasimama palepale bila kutembea.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Fundi Redio, kupitia kwenye kioo. "Mzee wa brashi. Hiyo K si ni yako?"

 Baba Mkubwa alitoka nje kabisa, akarudi nyuma mpaka ukingoni mwa barabara, mahali anaposimama siku zote kuangalia kazi aliyoimaliza. Aliangalia ubao wa juu. Akaangalia ubao wa chini. Watu wakatoka mmoja mmoja wakasimama naye, na Fundi Redio akatoka na shuka lake.

"Umezitoa wapi?" akauliza mwishowe.

"Kwako, Baba Mkubwa. Niliweka uzi juu ya ubao wako, mraba kwa mraba. Ndizo nilizosomea. Nyingine sizijui."

 Mzee akanyoosha kidole. "Mkia wa K ni mfupi."

"Mraba ule wa mwisho rangi ilijaa nusu tu, nikauacha."

"Haukuwa wa kuachwa. Nusu ile ndiyo K yenyewe." Akamsogelea. "Sasa ukitaka kurekebisha inakuwaje? Unafuta yote?"

Nukta akatafuta jinsi ya kumweleza, akagundua hana haja ya kutafuta mbali. "Ni kama rangi, Baba Mkubwa. Kuongeza naweza wakati wowote, juu ya iliyopo. Kupunguza ndiyo siwezi. Nikitaka kutoa hata tone moja, lazima nipige msasa eneo zima nianze upya."

Uso wa mzee ulibadilika. Kwa miezi mitatu alikuwa akiangalia kitu kisichokuwa na mlango, na sasa ameonyeshwa mlango, na ni wa chumba chake. "Kumbe ni kazi," akasema. "Mimi nilidhani ni umeme tu. Basi ongeza."

"Ongeza wewe."

Wakaingia. Akamketisha mbele ya sinia. Baba Mkubwa akaona nyaya zilizonyooka, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaona ule mkasi mmoja katikati, akauliza kwa macho. "Huo uache," Nukta alisema. "Huo ndio uliofungua mlango." Akaita anwani ya mkia wa K, akamwonyesha swichi nane. Ya sita ilikuwa juu, yaani ule mraba wa mwisho ulikuwa bado giza.

"Hiyo iteremshe. Halafu kitufe."

Alijipangusa kidole kwenye suruali kwanza, kama mtu anayegusa rangi mbichi. Akaiteremsha. Akabonyeza.

Nje, waliobaki barabarani walipiga kelele. Baba Mkubwa alitoka mbio kuliko umri wake, akainua uso. Mkia wa K ya KINYOZI ulikuwa umenyanyua ncha. Na kule mbali, katikati ya MAKINI, ambako hakugusa kabisa, K ya pili nayo ilikuwa imenyanyua ya kwake.

"Nimechora moja," akasema.

"Ndiyo."

"Zimeota mbili." Akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi, uso umemjaa kitu ambacho hakujaribu kukificha. "Kinyozi. Unajua K ngapi nimechora maisha yangu? Moja moja. Kwa mkono. Na huyu ananionyesha leo kwamba moja inatosha."

"Katengeneza mwenyewe," Kinyozi akasema. "Binti yangu."

"Binti yetu," Baba Mkubwa akamsahihisha. "Herufi ni zangu." Akaangalia kona ya chini, upande wa kulia, ambapo kitaa kimoja kilikuwa kinawaka peke yake, mbali na maneno yote. "Na kile kimesahaulika pale?"

Nukta akatazama viatu vyake. "Ile ni sahihi yangu."

Mzee akakiangalia kitaa kile, kidogo, kimeshika kona yake. Akakohoa. "Kando yake pana nafasi ya mtu mwingine?"

"Pana nafasi, Baba Mkubwa. Na ni ya kuongeza, haihitaji msasa."

"Jumatatu nakuja na karatasi ya miraba," akasema. Akachukua ngazi, akaiegemeza ukutani, akapanda mwenyewe na ubao wake wa mbao, akauning'iniza chini ya ule wa taa, mahali palipokuwa na misumari miwili ya zamani ambayo Kinyozi hakuwahi kuing'oa. Aliposhuka alisimama kidogo, anafikiri. Kisha akaanza kuelekea nyuma ya mlango, kwenye swichi kuu.

"Kaka," Kinyozi akasema, "umeshaona unakumbuka."

"Nimeona unakumbuka alichoandika mtoto. Sijaona kama unakumbuka nilichoandika mimi."

Fundi Redio, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kwenye kiti na mashine imegusa sikio la kulia, alikishika kichwa chake kwa mikono miwili, upande wenye nywele na upande usio nazo. Lakini hakumzuia. Aligeuza kiti kidogo, apate kuuona ubao vizuri.